Mke Mwenzangu Mbele ya Kadhi

Kata iligonga mtungi kabla ya adhana ya alfajiri. Nikajua Samiha anaoga mwenyewe. Mjukuu wangu huyu ana miaka sita, na kumwogesha kwa kawaida ni kumfukuza uwanja mzima. Siku ile aliogopa nisije nikamwacha.

Tulikuwa tunakwenda Wete kwa Kadhi. Mama yake, mwanangu Rahma, alifariki mwaka juzi. Baba yake yuko Maskati kikazi. Skuli wakataka barua ya ulezi. Bila barua hiyo, Samiha angepelekwa Tanga kwa shangazi yake, nami ningebaki na babu yake, Mzee Talib, ambaye kwa siku husema maneno manne.

Garini, kutoka kwetu Gando, nilimfundisha majibu. Unaishi na nani? Na bibi, mama yake mama. Akayarudia mpaka dereva naye akayajua.

Karani alikuwa kijana wa Unguja, jina lake Mabruki. Alinivutia kiti, akaona mguu mmoja wa kiti mbovu, akanipa chake yeye. Kisha akaniomba radhi: utaratibu wa pale, mtoto huulizwa peke yake, na maneno yake huandikwa kama alivyoyasema.

Nikakaa barazani nikiomba dua. Dua haijafika mbali, nikaitwa ndani. Kadhi kashika karatasi, miwani imemshuka puani.

"Bi Time," akasema, "hapa imeandikwa mtoto anaishi na mke mwenzake."

Nyumbani ndivyo tunavyoitana kwa utani, mimi na Samiha, kwa kuwa mume wetu ni mmoja, babu yake. Majibu ya njiani yote kayasahau.

"Kaulizwa mnagombania nini, kasema mume. Kaulizwa mume yuko wapi, kasema yuko shambani, hana meno, na anampenda yeye kuliko wewe."

"Hilo la mwisho si kweli, Shehe," nikasema.

"Jana ukoko wa wali kampa nani?" akauliza Samiha.

"Kakupa wewe kwa sababu hana meno."

Kadhi akajifunika uso kwa ile karatasi, mabega yakimtikisika. Mabruki, kwa hofu, akauliza kama aichane aandike nyingine.

"Iache," akasema Kadhi. "Mtoto anayemjibu bibi yake hivi mbele yangu, kwao ni pale kwa bibi."

Akatia saini. Kwenye uhusiano tu ndipo alipokata maneno ya mtoto, akaandika kwa mkono wake: bibi mzaa mama.

Mabruki alitusindikiza hadi mlangoni akinibebea mkoba, wala sikumwomba. Akanambia bibi yake yuko Makunduchi, na bibi huyo humwita yeye mume wake. Tangu ahamie Pemba hajaitwa hivyo na mtu.

"Basi kwaheri, mume wangu," nikamwambia.

Samiha akanitazama kwa jicho kali, akasema atamwambia babu.

Mabruki akacheka, mkoba wangu bado uko mkononi mwake.

"Mje tena," akasema. "Hata kama hamna karatasi."