Barua ya Mashoto wa Toledo

"Haki ya Mungu, kaburi la mama linisikie, humu hamna neno hata moja la uongo!" alisema Casimir Drabik, akaibamiza barua yake mezani hadi vikombe vya kahawa vikaruka.

Ilikuwa Ijumaa ya kwaresima, saa sita mchana, katika ukumbi wa bolingi, mchezo wa kuangusha pini kwa mpira, mjini Toledo. Wastaafu wa ligi ya Ijumaa walikuwa wamekwisha kuvaa viatu vyao vya kuteleza. Barua ilikuwa ya kwenda kwa chama cha wachezaji wa kulipwa, ikidai kosa moja la majira ya baridi ya 1974 lifutwe. Casimir alitaka saini kumi. Alikuwa nayo moja, yake mwenyewe.

"Soma upesi, mzee, supu inapoa," alisema Verna Kosik, nahodha wa timu ya akina mama.

Kusoma kwa nini? Aliijua kwa moyo. Msimu ule aliacha kazi katika kiwanda cha vioo, na msimamizi akamwambia wazi: usipofaulu kufikia Machi, rudi kwenye tanuri na usinitajie bolingi tena. Akaondoka na mpira wake garini, akiwa mmoja wa wale wachezaji walioitwa sungura, wasio na jina, ambao kila Jumatatu walipigania nafasi chache za kuingia mashindanoni. Aliyeshindwa alifunga virago akaelekea mji unaofuata.

"Na sisi mashoto tulikuwa tunawachapa!" alinguruma. "Wa mkono wa kulia ni tisini katika kila mia, mipira yao inapita upande wao mpaka mafuta yaliyopakwa njiani yanakauka. Upande wetu unabaki laini. Hilo ni kosa letu? Basi wakubwa wakaamuru upande wetu uongezewe mafuta. Mafuta, jamani! Ungekaanga samaki wa parokia nzima! Mpira haukati kona, unakwenda tu kama mlevi juu ya barafu. Kule Akron nilimwona panya akikanyaga upande wa kushoto. Aliteleza njia nzima, akaangusha pini saba."

"Panya wa kulia au mashoto?" aliuliza Verna.

Meza ikaangua kicheko. Casimir hakucheka.

Jumatatu ya mwisho iliangukia hapa hapa Toledo. Ikabaki zamu moja, ya kumi, naye akihitaji pini tisa tu. Akarusha. Zikalala zote kumi. Kisha kengele ikalia na taa nyekundu ikawaka: mguu umevuka mstari, pini hazihesabiwi.

"Na mwamuzi wa mstari ni yule pale, anakula kabichi bila aibu!"

Orville Tesch, mwishoni mwa meza, alifuta mdomo. Kwa miaka yote waliyocheza ligi moja, Casimir hakuwahi kumpa zaidi ya salamu ya kichwa.

"Kazi yangu ilikuwa kuangalia mstari, bwana Drabik," alisema. "Niliangalia."

"Uliangalia nini? Kengele mbovu ililia, nawe ukaitikia amina! Miaka ishirini na sita nimekula moto wa tanuri kwa ncha ya kiatu ambayo haikuvuka!"

"Sheria ilikupa mpira wa pili. Pini zilisimamishwa upya, zote kumi. Ulizihitaji zile zile tisa."

"Nilikuwa na hasira," alisema Casimir. "Nikapata saba."

Verna akachukua kalamu.

"Mimi nitasaini," alisema. "Lakini kwanza tuoneshe, baba. Ulifikaje mstarini?"

Casimir alisimama kabla hajamaliza kuulizwa. Akauchukua mpira kwa mkono wake wa kushoto, akaenda njia ya tatu, wazee wote nyuma yake kama msafara wa arusi. Hatua nne, mguu wa kulia ukateleza mbele. Kengele ikalia.

"Goti!" alifoka. "Goti la mwaka ule lilikuwa goti la mtu!"

Akarudia. Kengele ikalia.

"Labda ni mbovu hii nayo," alisema mmoja kwa upole, na upole huo ukamuuma kuliko kicheko.

Mara ya tatu alianzia hatua nzima nyuma. Alihesabu, alijizuia, na bado ile hatua ya mwisho ilirefuka yenyewe, mguu ukizikimbilia pini kwa uchu kama ulivyozoea tangu ujana. Akausikia mstari ukipita chini ya wayo wake, kabla ya kengele. Siku ile pia aliusikia. Alikuwa ameusikia vizuri kabisa.

Alibaki ameinama, akizitazama pini zikianguka zote kumi.

Aliporudi mezani, aliichana barua vipande vinne, akavitia mfukoni. Akamtazama Orville.

"Samaki wa leo ni juu yangu," alisema. "Wa watu wote."

"Na Orville?" aliuliza Verna.

"Orville vipande viwili! Mnataka nipige na magoti?"

Akaenda kaunta, uso mwekundu, pochi mkononi.

"Sahani kumi na mbili," alimwambia mpishi kwa ukali. "Na hivyo viazi ujaze vizuri, bwana. Nimeshaonewa vya kutosha mjini humu."