Karatasi ya Muoki Ndani ya Plastiki

Mimi Wayua sikuzaliwa na subira, na wanaonijua hapa Kayole watakuambia hivyo hata kabla hujauliza. Lakini kwa karatasi mimi ni mwangalifu kupita kiasi. Mwaka wa tisini na mbili bati la chumba changu lilivuja, cheti changu cha shule kikageuka uji. Tangu siku hiyo kila karatasi yangu ya maana huwa naipeleka mjini ipigwe laminesheni, ivikwe plastiki pande zote: cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, hata kadi ya kliniki ya mtoto. Na nilijisifia, tena sana.

Ndugu yangu Muoki alikuwa dereva wa lori. Kufikia Aprili ya tisini na sita alikuwa na miezi minne kitandani kule Dandora, amekonda hadi pete ya ndoa ikabidi ifungwe uzi isidondoke. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja jina. Siku hizo nani aliutaja? Alikuwa na ploti moja yenye vyumba sita vya mawe. Yeye, mkewe Kathini na wasichana wao watatu waliishi katika viwili, vingine wakapangisha.

Kaka yetu mkubwa, Ngui, alikuja kutoka Machakos kumjulia hali. Alikaa na mgonjwa dakika kumi, kisha akatoka nje kupima ua kwa hatua. Akasema mbele ya Kathini kwamba ploti ni ya wana wa Ndambuki, yaani baba yetu, na mwanamke aliyezaa wasichana watupu hana cha kurithi. Nilimtukana siku hiyo mpaka majirani wakatoka.

Muoki alisikia yote kutoka kitandani. Akataka ploti iandikwe jina la Kathini kabla hajatuacha. Shida ni kwamba kuihamisha kulitaka mwenyewe afike ofisi hii na ile, asaini hapa na pale, naye hata chooni alikuwa anabebwa. Ndipo tukamwita wakili mmoja wa mjini, Bwana Kweyu, akatueleza habari ya karatasi inayoitwa pawa ya atoni. Kwa karatasi hiyo Muoki angenipa mimi mamlaka ya kusaini kwa niaba yake. Kathini mwenyewe hakufaa, alisema wakili, maana ingeonekana anajihamishia mali. Muoki hakuweza kushika kalamu, kwa hiyo akapakwa wino kidole gumba, akakibonyeza wakili akiona.

Bwana Kweyu alinieleza mambo mawili, na nakiri nilimsikia vizuri. La kwanza, niipeleke karatasi ofisi ya ardhi wakaiandikishe na kuipiga muhuri, ndipo ianze kufanya kazi. La pili, ilikuwa na nguvu Muoki akiwa hai tu.

"Huu si wosia, mama," akasema. "Siku atakayokata roho, na hii imekata."

Hiyo ilikuwa Ijumaa jioni, ofisi zishafungwa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, nami nikakumbuka bati langu. Jumamosi asubuhi, hata chai sijanywa, nikaenda mjini kwa yule mzee wa mashine ya laminesheni. Akaipitisha karatasi, ikatoka inang'aa, kidole cha Muoki kikionekana kila mstari. Jamani, nilifurahi. Nilijiona nimefanya kazi ya maana.

Jumatatu nilipanga foleni tangu saa mbili. Karani aliigeuza karatasi mara mbili, akaigonga kwa ukucha.

"Mama, muhuri nitaupiga wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole, utadhani anasema na mtoto, kwamba wino haukai juu ya plastiki, na kwamba hawawezi kupokea karatasi iliyofunikwa namna hiyo. Nikamtukana. Nikaomba wembe kwa mama mmoja wa foleni nibandue plastiki, ikaanza kung'oka na maandishi, nikaacha. Askari akanishika mkono akanitoa nje.

Wakili alikuwa mahakamani mpaka jioni. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alipiga chapa karatasi nyingine, na Jumanne saa nne asubuhi tukaenda Dandora, yeye na mkoba wake, mimi na kisanduku cha wino mkononi. Tulimkuta jirani, Njoki, amesimama mlangoni mikono kichwani. Muoki alikuwa amekata roho, hata nusu saa haijapita.

Nitasema nilichofanya. Niliingia, nikapiga magoti, nikafungua wino, nikaushika mkono wa ndugu yangu. Ulikuwa bado na joto. Nikakitafuta kidole gumba. Kathini alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda ananitazama. Ni wakili aliyeinama akaufunika ule wino kwa kiganja chake.

"Mama," akasema, "mwenye kukupa pawa hayupo tena."

Hapo ndipo nilipolia.

Tulimzika Machakos Jumamosi. Bwana Kweyu alisema Kathini bado ana haki, aende mahakamani kufungua kesi ya urithi. Lakini kwanza alihitaji barua ya chifu inayowataja warithi, na chifu wa kwetu hakuandika neno kabla Ngui hajaketi naye. Barua ilipotoka, jina la Kathini halikuwemo. Kesi ya kuipinga ingechukua miaka, na kufikia Agosti Ngui alikuwa ameshapata wapangaji hata wa vile vyumba vyao viwili.

Siku Kathini alipokuwa anafunga vyombo arudi kwao na wasichana, nilikwenda kumsaidia. Nilikuwa naona aibu hata kumtazama. Aliniomba kitu kimoja tu, ile karatasi. Nikamwambia haina kazi tena. Akasema anajua, ila kidole cha baba watoto kiko pale. Akaifuta kwa leso yake, akawaonyesha wasichana, na yule mdogo akaweka kidole chake juu ya kile cha babake.

"Umeitunza vizuri, wifi," Kathini akasema.

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananishukuru au ananipiga kijembe. Nilibeba godoro nikalitoa nje.