Pole Isiyojibiwa

Mwalimu wa udereva alipoteza mashimo matatu ya kwanza ya mechi ya gofu hata jasho halijamtoka. Si kwamba alicheza vibaya sana. Alicheza kama mtu aliyekwisha kushindwa nyumbani, akaja uwanjani kuthibitisha tu.

Mpinzani wake walimwita Mama Vikombe, na jina halikuwa la bure: kabati la klabu ya gofu lilijaa vyake, vingine vya miaka ambayo Mwalimu hata fimbo alikuwa hajaishika. Timu ya wanawake ilikuwa imebakiza nafasi moja, na mshindi wa mechi hii, yaani atakayeshinda mashimo mengi zaidi, ndiye angeichukua. Mwaka uliopita walikutana hivihivi, Mwalimu akachapwa mapema mno hata mashimo ya mwisho hayakuchezwa. Safari hii alimwambia mumewe kwamba akishindwa tena na yule mama, fimbo anazigawa. Hakuwa anatania. Alikuwa amechoka kujiita mchezaji.

Mfuko wake wa fimbo aliubeba shemeji yake, mdogo wa mumewe, kinyozi mwenye mdomo usiojua kupumzika. Naye alishaona kinachommaliza Mwalimu ni nini. Ni neno moja tu. Kila mpira wa Mwalimu ulipoangukia pabaya, Mama Vikombe alisema "Pole," kwa sauti laini kabisa. Mchangani, pole. Nyuma ya mti, pole. Shimo la tatu mpira ulikuwa bado hewani, pole ikautangulia kufika chini, na kweli ukatumbukia kwenye nyasi ndefu. Sasa Mwalimu alikuwa anaisikia hata kabla ya kupiga.

"Ananizika nikiwa hai," alinong'ona wakielekea shimo la nne.

"Na wewe akikupa pole unasemaje?" aliuliza shemeji.

"Nisemeje? Nanyamaza."

"Nyumbani ukijikata kisu, nikakupa pole, huwa unanijibu nini?"

"Nimeshapoa."

"Basi jibu! Pole isiyojibiwa inabaki mwilini."

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Nimeitunga sasa hivi. Ni uongo?"

"Wewe gofu umejifunza lini, shemeji? Hata fimbo hujawahi kuipiga."

"Kinyozi hajinyoi. Unatuliza watu garini mchana kutwa. Wa kukutuliza wewe ni mimi."

Shimo la nne mpira ulikwenda mchangani tena. "Pole," alisema Mama Vikombe.

"Nimeshapoa," alijibu Mwalimu, kwa sauti ya mwanafunzi aliyezimikiwa na gari njia panda. Lakini ukishasema umepoa, inabidi upoe kidogo, la sivyo umekuwa mwongo. Aliutoa mpira mchangani kwa pigo moja, na shimo lile wakatoka sare. Lililofuata, mpira ulipogonga mti, alijibu kwa sauti iliyosikika hadi shimo la jirani. "Nimeshapoa!"

Mama Vikombe alisimama, akaangua kicheko. "Jamani, ulimi wangu huu! Unisamehe, mwenzangu. Mimi muuguzi. Kazini natoa pole hata kidonda sijakiona. Wodi nzima inanicheka."

Kumbe mashimo matatu yalikwenda kwa neno la huruma. Mwalimu alijiona mjinga, akacheka, na kifua kikamfunguka.

Lakini tusidanganyane. Kujua kwamba mpinzani wako si mtu mbaya hakumpunguzii nguvu. Mipira ya Mama Vikombe iliendelea kwenda mbali, ya Mwalimu ikibaki nyuma vilevile. Katika gofu, aliye mbali zaidi na bendera ya shimo ndiye hutangulia kupiga, na siku zote Mwalimu aliona huko kutangulia ni aibu ya kutangaziwa unyonge. Leo alikumbuka anachowaambia wanafunzi wake wanapolitumbulia macho lori: lile lina dereva wake, wewe shika njia yako. Akaacha kumtazama Mama Vikombe akipiga. Wakati huo alifuta fimbo zake. Zamu yake ikifika alitangulia kupiga, mpira ukatua karibu na bendera, halafu yule bingwa ndiye akawa na kazi ya kujibu. Mara nyingi alijibu. Mara nyingine alishindwa. Shimo moja likarudi, kisha la pili, hatimaye la tatu, na walipobakiza mashimo mawili walikuwa sare.

La kabla ya mwisho hakulishinda mtu. La mwisho lilikuwa na bwawa mbele ya bendera, na watu walikuwa wamejitokeza kwenye baraza ya klabu kutazama. Mpira wa Mwalimu, kama kawaida, ulibaki nyuma. Shemeji akachomoa fimbo ndefu.

"Vuka, shemeji! Tuwaonyeshe!"

"Nipe fupi."

"Watu wanatazama."

"Watazame. Pigo la kuvuka hapa mimi sina."

Akaupiga mpira ukasimama kabla ya maji. Barazani mtu akaguna. Mama Vikombe, anayeweza kulivuka bwawa lile huku anapiga soga, alilivuka, akaivuka na bendera, mpira ukazama kwenye nyasi za nyuma. Mwalimu akatangulia tena. Safari hii mpira uliruka maji, ukabaki urefu wa kitanda kutoka shimoni. Mama Vikombe akautoa wake nyasini, ukasimama mbali kidogo. Akaujaribu tena, ukapita pembeni ya shimo.

Sasa Mwalimu akiutia tu, ameshinda. Hakungoja. Alipiga, mpira ukaingia.

Shemeji alipiga ukelele wa kuaibisha ukoo. Mama Vikombe alimkumbatia Mwalimu, macho yamelowa, akasema, "Jumamosi mnacheza na klabu jirani. Wewe watakupanga na bingwa wao."

"Unamjua?"

"Alinifunga mwezi uliopita. Sikupata hata shimo moja."

Shemeji akaanza kukusanya fimbo.

"Naogopa," alisema Mwalimu, mbele ya watu wote. "Tunaanza saa ngapi?"