Kuku wa Madam Muhonja

Mwaka wa 1994 Mwalimu Cornelius alikuwa amefundisha Kiingereza miaka kumi na tisa katika sekondari moja ya wasichana huko Lugari, na kwa maoni yake hajazaliwa bado mtu wa kumfunza. Basi alipomsikia Madam Muhonja, mwalimu mgeni wa miezi miwili, akitaja kuku katikati ya somo, alisimama nje ya dirisha akakunja pua.

“Mama anayeficha mahindi ya mbegu hata watoto wakililia ugali, huyo ni *prudent*,” Muhonja alikuwa akisema. “Anaona mbele, anajihadhari. Lakini anayegawa kuku mmoja kwa wageni wanane, kila mtu akapata kipande kinachomstahili na asinune hata mmoja, huyo ni *judicious*. Anapima, ndipo anaamua.”

Kiingereza cha jikoni! Cornelius alimngojea katika chumba cha walimu.

“Madam, maneno hayo ni kitu kimoja: busara. Wewe ulisomea wapi?”

“Kama ni kitu kimoja, Mwalimu, refa anayetoa kadi kwa haki tutamwita *prudent*?”

Cornelius alijiambia kwamba mtu mzima hajibizani na kifaranga, akaondoka.

Mwalimu mkuu, Bi Rosebella, alipopata habari aliwaita wote wawili mbele ya kidato cha tatu, kila mmoja aeleze maneno hayo mawili. Cornelius alianza na Kilatini, akapitia Ufaransa, akazunguka huko nusu saa nzima. Msichana mmoja, Jepkoech, aliinua mkono.

“Mwalimu, sasa kwenye mtihani tuandike nini?”

“Muandike mlichofundishwa!”

Wasichana walitazamana, kisha wakamgeukia Muhonja. Yeye alieleza kwa dakika tano, na kalamu zikaanza kukimbia kwenye madaftari. Sauti hiyo ilimkera Cornelius. Watoto wa shamba, aliwaza, vichwa vitupu kama magunzi. Wape kuku, watakuona profesa.

Juma lililofuata karani alimletea barua ya Bi Rosebella. Kidato cha tatu na cha nne vimekabidhiwa Madam Muhonja. Mwalimu Cornelius atabaki na kidato cha kwanza. Aliisoma mara mbili, akachomoa kalamu nyekundu, akasahihisha koma mbili na herufi kubwa moja, akaandika chini yake “Rudia”, akamrudishia karani.