Upande wa Kijino

Fundi viatu alipoletewa habari kwamba mpwa wake hajui kusoma, damu ilimchemka. Aliacha kiatu cha mtu mezani, gundi bado mbichi, akafunga safari mpaka shuleni na aproni yake kiunoni. Hajui kusoma? Kijino? Mtoto anayesoma kila jioni pale kibandani mpaka wateja wanasahau kilichowaleta? Jamani, kuna watu wana vituko, na wengine wamepewa chaki!

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa mwanamke kijana, mpole, na upole wake ndio uliozidi kumuudhi fundi.

"Karibu, Fundi. Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa, Mwalimu. Nasikia unataka kumrudisha mtoto wangu chekechea."

"Kuanzia Jumatatu. Wala sipendi, niamini. Lakini hata herufi hazijui, na wenzake wanasonga mbele."

"Huyo anasoma kama maji!"

Mwalimu hakubishana. Alimtuma mtu amwite mtoto mwenyewe.

Kijino aliingia, akaamkia, akasimama na lile jino lake moja la mbele lililompa jina, mengine yakiwa bado njiani. Alikuwa amehamia kwa mjomba wake tangu mama yake, dada wa fundi, alipopata kazi mbali. Mwalimu akamwekea kitabu mbele yake. Kilikuwa kitabu kile kile walichonacho kibandani, chenye hadithi ya bata aliyekataa kuoga.

Kijino alikitazama. Akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. Akauma kucha.

"Soma, mama," fundi akambembeleza. "Si yule bata wetu?"

Mtoto aliweka kidole kwenye neno la kwanza, akakiondoa kana kwamba limemchoma. Macho yakamjaa machozi.

Fundi alikuja kutoa somo, akaishia kutazama vidole vyake vyenye gundi. Aibu ilimshika kweli kweli, aibu yake na ya mtoto.

Njiani alianza kumchunguza. "Unamwogopa Mwalimu?"

"Hapana."

"Wenzako wanakucheka?"

"Kidogo. Mjomba, nikirudi kule chekechea, nitakaa kwenye vile viti vidogo? Magoti yatafika hapa." Akaonyesha kidevuni.

"Hurudi kokote. Lakini niambie, ni nini?"

"Maneno ya shuleni ni magumu."

Maneno ya shuleni! Kitabu kimoja, bata yule yule mchafu! Fundi alijikuna kichwa mpaka wakafika.

Jioni walikaa kama kawaida. Fundi upande wake wa meza, kitabu amekilaza wazi mezani na kukigandamiza kwa chuma cha kugongea soli, kidole chini ya neno, kwa maana yeye mwenyewe alijifunza kusoma ukubwani na bila kidole hupotea. Kijino ng'ambo ya meza, juu ya kreti, mikono ameikunja, macho kwenye kitabu. Fundi akaanza, akakwama, na mtoto akamalizia bila wasiwasi: "...akasema maji ni baridi, nitaoga kesho."

"Vizuri sana," alisema fundi, kama ilivyokuwa desturi yake, kwa sauti ya mtu aliyekwama makusudi.

Lakini leo shaka ilimtafuna. Isije ikawa amekariri! Akachomoa gazeti lililojazwa ndani ya kiatu cha mteja, akalikunjua, akalitandaza mbele yake mwenyewe ili asidanganywe. "Na hapa?"

"Mvua kubwa yabomoa daraja," Kijino akasoma. "Wakazi walalamika."

Akaweka kopo la gundi mbele yake, akagusa maandishi ya kifuniko. "Hapa je?"

"Weka mbali na moto."

Ebo! Basi hajakariri. Anajua kusoma, na hajui kusoma. Mtoto mmoja, siku moja! Fundi alikuwa amefungua viatu vya kila namna kutafuta msumari unaomchoma mtu, lakini hili lilimshinda. Na hasira, ajabu, ilikuwa imemwisha. Sasa alitaka kujua tu.

Kesho yake, Ijumaa, aliinama mbele ya Mwalimu kama mwanafunzi. "Mwalimu, nakuomba kitu kimoja. Njoo kibandani ujionee. Ukiona natia chumvi, Jumatatu mrudishe, sitafungua mdomo."

Mwalimu alikuja baada ya masomo, akakaa kwenye kigoda cha wateja karibu na mlango. Fundi akashika nafasi yake, Kijino ya kwake, na bata akakataa kuoga tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mtoto hakukosea hata neno.

Mwalimu macho yalimtoka. Alisimama, akazunguka nyuma ya kreti, akachutama mpaka kichwa chake kikawa sawa na cha mtoto. Akakitazama kitabu kutoka pale. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

"Fundi. Hebu njoo huku."

"Huko kuna nini?"

"Njoo tu."

Fundi akajipenyeza kati ya meza na ukuta. Miaka yote hiyo ya kazi, hakuwahi kukaa upande ule. Alichutama kando ya mpwa wake, akatazama kitabu chake mwenyewe. Bata alikuwa amesimama kwa kichwa, na herufi zote zilikuwa miguu juu. Alijaribu mstari wa kwanza. Hakuambulia hata neno moja.

"Lo!" alisema. "Lo, mtoto wa watu!"

"Darasani alikuwa akikigeuza kitabu," Mwalimu alisema. "Nikadhani hajui hata kukishika. Nikamgeuzia. Kila siku mimi ndiye niliyekuwa namgeuzia. Na ubao nao haugeuki." Akamshika mtoto bega. "Harudi popote, Fundi. Abaki na mimi, tutamzoesha pole pole."

Fundi alisikia, lakini alikuwa na swali lake.

"Kwa nini hukuniambia nikugeuzie, mama?"

Kijino alimshangaa. "Ungesomaje wewe? Si wewe ndiye unayejifunza?"

"Mimi?"

"Mama alisema Mjomba kusoma hajui sana. Akasema nikukalie karibu nikusaidie unapokwama, ila nisikuambie." Kisha akakumbuka kwamba ameshamwambia, akaziba mdomo.

Fundi alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Mwalimu ghafla akawa na haja kubwa ya kutazama viatu vilivyoning'inia ukutani. Fundi alimsogeza mtoto, akajibana naye juu ya kreti, akavuta kitabu na kukizungusha mpaka bata akasimama kwa miguu yake.

"Haya, tusome wote upande mmoja."

Kijino akainamisha kichwa upande huu na upande ule. Lakini leo hakulia. Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza kabisa.

"Hii inaitwaje, Mjomba?"

Na fundi, bila kukwama, akamwambia.