Viatu vya Soli Nene

Kisigino kilimsumbua Eliane tangu mwezi wa pili, na mbio za kilomita kumi za Mbarara zilikuwa zimebaki wiki tatu. Alikuwa Mkongomani wa Fizi, muuza nyanya hapo Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi, na kila asubuhi alikimbia kabla ya kupanga meza yake. Aliposikia kwamba Ruti, pembezoni mwa mji wa Mbarara, kuna mtu anauza viatu vya mitumba vyenye soli nene, laini kama godoro, alipanda gari akaenda.

Muuzaji, Nehemiya, alimpa jozi ya buluu. Eliane akavaa, akarukaruka mlangoni.

“Hapa ndani huwezi kujua,” Nehemiya akasema. “Kimbia hapo kwa barabara, uone. Mimi niko hapa.”

Eliane akaacha raba zake kuukuu kwenye benchi, akatoka. Alikusudia kuishia kituo cha mafuta. Lakini alipokifikia, kisigino kilikuwa kimetulia kabisa, jambo ambalo hakulijua kwa miezi. Akakipita kituo, akaongeza mwendo.

Mwanamke wa duka la jirani, aliyemwona akitoka mbio, akaita mwizi. Pikipiki mbili zikamkatia njia. Eliane alijaribu kusimama ghafla, soli zile nene zikamyumbisha, akaanguka kwa magoti. Mtu akamkamata ukosi wa blauzi.

“Niko najaribu tu,” alisema. “Mwenye duka alinipa ruhusa.”

“Wa kambini huyu,” mmoja akasema. “Sikia anavyoongea.”

Walikuwa wameshamvua kiatu kimoja Nehemiya alipofika akihema.

“Huyu hapana mwizi. Ni mimi nilimwambia ajaribu.”

Wakamwachia, wakawasha pikipiki zao. Aliporudi dukani na Eliane, Nehemiya alimwomba radhi, akasema atampunguzia bei. Eliane alikuwa na pesa ya kutosha hata bila kupunguziwa. Akavirudisha viatu vya buluu, akavaa raba zake.

“Lakini vinakufaa,” Nehemiya akasema.

“Najua,” Eliane akajibu, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Mumewe, Patient, alimkuta uani akiosha magoti.

“Biatu ulipata?”

“Bilikuwa bidogo.”

“Na magoti?”

“Nilianguka.”

Patient akamtazama, akamletea kitambaa safi.

Siku tatu Eliane hakukimbia. Ya nne alitoka mapema, akachechemea mpaka mguu ukapata moto. Ila kila pikipiki ilipomkaribia kwa nyuma, aliacha kukimbia, akatembea mpaka impite.