Mimba ya Njahi

Moffat alikuwa akiuza kiti tu. Ndivyo watu wa Nanyuki walivyoijua kampuni yake, na jina likawa hilohilo, Kiti Tu. Alikuwa na ndege moja ndogo, na yeye mwenyewe ndiye rubani, karani na mpakiaji. Nauli yake ya kwenda Wajir haikuwa na mfano kwa urahisi, lakini ukitaka kukaa dirishani uliongeza kitu. Ukitaka maji ya kunywa uliongeza. Hata mfuko wa kutapikia ulinunuliwa kabla ya kupanda, na aliyejivunia tumbo lake gumu akakataa, aliuziwa huohuo angani kwa bei ya juu zaidi.

Watiri hakuyajua hayo alipoondoka kwao, vijijini Nyeri. Alichojua ni kwamba dada yake Murugi, aliyeolewa na askari aliyehamishiwa Wajir, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na maziwa yalikuwa yakimtoka kwa shida. Habari zililetwa na askari mwingine wa huko aliyekuja likizo.

"Analia," alisema. "Ati mtoto hajaonwa na mtu wa kwao, na yeye hajaonja njahi."

Mama yao alishika kichwa. Mzazi asiyekula njahi! Kule kwao mwanamke akijifungua, wanawake humwendea kwa kundi, na kuni, na uji, na yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, ambayo hurudisha damu na kuteremsha maziwa. Lakini mvua ilikuwa imekata barabara ya Wajir, na goti la mama lilikuwa limevimba. Akabaki Watiri, msichana ambaye hata kanisani aliimba kwa kufungua mdomo tu, bila sauti.

Basi asubuhi ile alisimama kwenye kiwanja cha ndege amevaa koti kuukuu la baba yake, kwa ajili ya baridi, kiondo, kikapu cha kusuka kilichojaa pomoni, mkono mmoja na kigunia cha njahi mkono wa pili. Moffat alikitundika kigunia kwenye mizani ya viazi, akataja bei. Watiri akatazama vidole vya miguu yake. Hata nusu ya pesa hizo hakuwa nazo.

"Kiondo ni bure, kinaingia chini ya kiti," Moffat alisema. "Lakini hii ni mzigo. Unalipa ama inabaki?"

Watiri akanong'ona kitu ambacho hata yeye hakukisikia.

"Ati nini?"

"Moffat, wewe!" alidakia Garad, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mnene aliyekuwa akingoja kupanda. "Mimi ni mzito kuliko huyu mtoto na gunia yake pamoja, na tumelipa nauli moja!"

"Mzee Garad, mwili ni wa Mungu, mimi siupimi. Mtu na nguo zake, na chochote kilicho ndani ya nguo, hiyo si kazi yangu. Kazi yangu ni mizigo."

Watiri alichukua kigunia chake, akaenda nyuma ya choo cha mabati. Alimwaga njahi ndani ya leso mbili alizokuwa amejifunga kiunoni, akazikunja, akazifunga tumboni kwa fundo kubwa, na koti juu. Aliporudi, Moffat alikuwa akipakia kabichi zake na hakuwa na habari na matumbo ya watu.

"Gunia umeacha?" aliuliza bila kugeuka. "Vizuri. Panda."

Ndani ya ndege alikuwepo mama mmoja wa Kisomali, Halimo, aliyekuwa akirudi kwake Wajir. Alipomwona Watiri akiingia kwa shida, alimpisha kwenye kiti chake cha dirishani, alicholipia.

"Kaa hapa, binti yangu. Mwezi wa ngapi huu?"

Watiri alitabasamu, akainamisha kichwa. Hakudanganya, alinyamaza tu, na kimya chake kikamsemea.

"Kumbe ni mja mzito?" Garad alishangaa. "Mimi sikuona."

"Nyinyi wanaume hamwoni kitu mpaka kilie," alisema Halimo.

Walipolipita bega la mlima, ndege ilianguka ghafla kama ndoo iliyokatikiwa na kamba kisimani. Watiri alishika kiti kwa mikono yote miwili, na fundo likaanza kulegea. Alilirukia tumbo lake, akauma meno, akalikumbatia lisiteremke. Liliteremka. Naye akateremka nalo hadi ukingoni mwa kiti.

"Uchungu!" Halimo alipiga kelele. "Umemshika uchungu! Rubani, rudi! Anazaa!"

Moffat aligeuka, akaona, uso ukawa kama jivu.

"Mwambie asizae! Mwambie angoje!"

Lakini tayari alikuwa akiizungusha ndege. Mlima uliokuwa dirisha la kulia ukatokea la kushoto, na Watiri akaelewa kwamba wanarudi Nanyuki. Huko njahi zingetolewa mbele ya watu, zibaki, na Murugi aendelee kulia.

"Sio mtoto," alisema. Injini ikaimeza sauti yake.

"Sio mtoto," alisema tena, na Halimo akampangusa jasho.

Hapo Watiri alivuta pumzi mpaka chini.

"Sio mtoto! Ni njahi! Aliyezaa ni dada yangu, na hana maziwa! Usirudi!"

Akaachilia. Njahi zilimiminika, zikatawanyika chini ya viti na katikati ya kabichi. Halimo aliokota moja, akaing'ata.

"Ni kweli," alisema. "Ni maharagwe."

Garad alicheka mpaka akalazimika kununua maji.

"Msichana, huo ni mzigo!" Moffat alifoka.

"Ulisema kilicho ndani ya nguo si kazi yako."

"Sasa ziko nje ya nguo!"

"Basi nazirudisha."

"Wewe Moffat," Halimo aliingilia, "ungetua Nanyuki na kuruka tena, hayo mafuta ungechoma ya nani?"

Moffat aliyafikiria mafuta, na uso wake ukarudiwa na damu. Akaigeuza ndege, mlima ukarudi mahali pake.

"Afadhali njahi," alisema. "Mtoto angezaliwa huku juu, ningemtoza nauli ya kutoka wapi?"

Halimo alipiga magoti na Watiri, wakaokota.

"Na huko kwa mzazi unakwenda na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Mtoto haonwi na mtu mmoja. Hata kwetu ni hivyo."

Ndiyo maana jioni ile Murugi alisikia vigelegele nje ya nyumba za askari, akatoka mbio na mtoto kifuani. Halimo alikuwa ameleta mabinti zake na maziwa ya ngamia. Watiri ndiye aliyekuwa mbele, akipiga vigelegele vya kwao.

Njahi zilichemka usiku kucha. Murugi alikula, akaongezwa, akala tena, na kesho yake jioni mtoto alinyonya mpaka maziwa yakamtiririka kidevuni, akalala. Watiri alikuwa akisimulia safari yake, amefika kwenye habari ya Moffat na mafuta, huku akionyesha kwa mikono jinsi ndege ilivyogeuka.

"Sema polepole," Murugi alimwambia, akijifuta machozi ya kicheko. "Utamwamsha."